Maziwa ya Siku Kumi na Moja

"Usiniambie hukumbuki, Zamzam. Miaka ishirini na sita unakumbuka, leo ndiyo umesahau?"

"Sijasema nimesahau. Nimesema sikumnyonyesha."

"Hukumnyonyesha nani?"

"Amira."

"Amira huyu?"

"Kwani unao wangapi?"

Bi Badria akageuka akatutazama sote tuliokuwa uani, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua mashahidi. Tulikuwa wa kutosha. Siku ya Jumamosi kila mpangaji wa nyumba yetu ana kazi yake uani, na ukitokea ugomvi kazi hizo huenda polepole sana. Mimi nilikuwa nachambua mchele kilo moja. Niliuanza saa tatu asubuhi. Sasa ilikuwa inaingia saa sita na nilikuwa bado nina nusu yake.

Nyumba yenyewe ni zile za zamani za Kariakoo: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, nyuma uani na bomba na choo. Pande zote wameshajenga ghorofa, kwa hiyo jua linatufikia saa sita na saa nane linaondoka. Bi Badria anakaa chumba cha kwanza kulia, Bi Zamzam cha kwanza kushoto, mlango kwa mlango. Uwesu, mtoto wa Bi Zamzam, anauza viatu vya mtumba Mchikichini. Amira, mtoto wa Bi Badria, ni mwalimu wa baiolojia. Wamekua wakitazamana ukumbini, na mwaka huu baada ya Idi Uwesu akapeleka posa. Washenga walivaa kanzu na kofia, wakatoka mlango wa kushoto, wakaingia mlango wa kulia. Mmoja alilalamika kuwa hakupata hata nafasi ya kupanga maneno njiani.

Ndoa ilikuwa Ijumaa inayofuata. Asubuhi ile Bi Badria alikwenda kwa Maalim Abdulmalik, ndiye wa kufungisha, kuhakikisha saa tu. Alipewa kahawa. Maongezi yakawa matamu, na kwa kutaka kuonyesha jinsi familia mbili hizi zilivyoshikana, akasema: "Maalim, hawa si watu baki. Mimi nilipolazwa, Mama Uwesu ndiye aliyeninyonyeshea binti yangu."

Maalim akaweka kikombe chini.

"Bi Badria," akamwambia, "mtoto akinyonya kwa mwanamke shibe tano, hajatimiza miaka miwili, huyo ni mama yake, na watoto wa huyo mwanamke ni ndugu zake. Ndugu haoi ndugu. Alinyonya siku ngapi?"

"Kumi na moja," akasema Bi Badria.

Maalim hakuendelea kuhesabu. Akamwambia arudi nyumbani, amuulize mwenzake, na kabla ya magharibi ampelekee jibu la uhakika. Likiwa ni ndiyo, basi hakuna ndoa, wala Ijumaa hii wala Ijumaa nyingine yoyote.

Utauliza, watu wazima wote wale hawakuliona hilo toka siku ya posa? Hatukuliona. Jambo ukilisikia mwaka baada ya mwaka linakuwa kama mlio wa feni. Na kutuambia, Bi Zamzam alituambia sana. Amira alipofaulu kidato cha nne: "Maziwa yangu hayo." Alipokwenda chuo: "Msishangae, maziwa yangu hayo." Alipoajiriwa, alituita mpaka sisi tulio chumba cha mwisho tuje tusikie kwamba ni maziwa yake. Amira aliposhindwa mtihani wa udereva tu ndipo Bi Zamzam aliposema kila mtoto na upande wa baba yake.

Na leo, eti hakumnyonyesha.

"Haya, hukumnyonyesha," alisema Bi Badria. "Mimi niko hospitali, homa ya matumbo imenilaza, baba yake yuko Komoro kwenye biashara. Nimekuachia mtoto wa miezi miwili, siku kumi na moja. Alikula nini?"

"Alikula."

"Alikula nini, Zamzam?"

"Alikula akashiba. Uliporudi hukumkuta mnene?"

"Nilimkuta mnene. Ndiyo maana nauliza."

Bi Zamzam akachukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

"Unajua nitakachomwambia Maalim?" alisema Bi Badria. "Nitamwambia mama wa bwana harusi anakana kwa sababu ni mama wa bwana harusi. Angekuwa hana mtoto wa kiume leo tungekuwa bado tunasikia habari ya maziwa."

Hapo hakuna aliyeweza kumtetea Bi Zamzam, maana hata sisi ndivyo tulivyokuwa tunafikiri.

Amira alikuwa chumbani anasahihisha mitihani ya kidato cha tatu. Tulijua yumo kwa sababu mlango ulikuwa wazi kidogo na kalamu nyekundu ilikuwa inaonekana, haiandiki. Baadaye nilikuja kuona zile karatasi. Swali lilikuwa: taja sifa za mamalia. Kuna mwanafunzi mmoja alipewa alama kumi na nne kwenye swali la alama kumi.

"Amira!" mama yake akaita. "Njoo hapa uani."

Amira akatoka, karatasi mkononi, macho yamevimba, mtandio umekaa upande. Uwesu naye akawa ndiyo anaingia kutoka Mchikichini, mtu alishampigia simu. Akasimama kwenye mlango wa ukumbi karibu na cherehani ya Mzee Ignasi, fundi nguo, mpangaji mwenzetu. Akamtazama Amira, Amira akamtazama, kisha wote wawili wakakumbuka kwamba huenda ni ndugu, wakatazama chini.

"Wewe si mwalimu wa viumbe hai?" alisema Bi Badria. "Nataka kipimo. Siku hizi mtu anachukuliwa mate, anaambiwa baba yake ni nani. Tupeleke mate yako wapi watuambie ulinyonya kwa nani?"

"Hakuna kipimo cha hivyo, mama."

"Hakuna vipi? Miaka mitatu ya chuo!"

"Mate yanaonyesha aliyekuzaa. Maziwa ukinywa umeyanywa. Yanakuwa mfupa, yanakuwa nyama, hayaandiki jina."

"Basi maziwa ni kitu gani?" aliuliza Bi Badria, na nadhani hakutaka jibu. Lakini ukimuuliza mwalimu swali, atalijibu hata nyumba ikiwa inaungua.

"Ni jasho," alisema Amira.

Bi Zamzam aliacha kufagia.

"Ndivyo wataalamu wanavyoona. Zamani, zaidi ya miaka milioni mia mbili, kulikuwa na vijinyama vidogo kama kirukanjia, yule kama panya mwenye pua ndefu. Vina manyoya, lakini vinataga mayai. Yale mayai hayakuwa na ganda gumu kama la kuku, ganda lake laini, likiachwa linakauka. Mama anayalalia, jasho la tumboni linayalowanisha. Polepole, vizazi na vizazi, jasho likaanza kuwa na mafuta, na sukari, na kinga ya vijidudu. Watoto wakiangua wanalamba manyoya ya mama yao. Chuchu zilikuja baadaye. Mpaka leo Australia wako wanyama wanaotaga, hawana chuchu, maziwa yanawatoka kwenye ngozi."

"Astaghafirullah," alisema Bi Zamzam.

"Mbona huku mtu jasho linamtoka siku nzima na hakuna anachopata?" alisema Uwesu. Alikuwa anajaribu. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

"Wakati huo mchana ulikuwa wa mijusi mikubwa," Amira aliendelea, na sauti yake ikawa imetulia kidogo, kama mtu aliyepata mahali pa kushika. "Hawa wadogo walikuwa wanajificha, wanatoka giza likiingia. Ndiyo maana wakahitaji damu ya moto, na manyoya, na masikio makali. Ile mifupa miwili ya nyuma ya taya ilihama taratibu ikaingia sikioni. Mijusi mpaka leo taya zao zimeungwa kwa mifupa hiyo. Sisi tunaisikilizia."

Nilitazama uani. Tulikuwa watu kumi na watatu. Hakuna aliyekuwa anagusa kazi yake.

"Vizuri sana," alisema Bi Badria. "Nimeelewa. Maalim nikamwambie kirukanjia?"

Amira alikuwa anatazama karatasi aliyoishika, swali namba nne, na midomo yake ilikuwa inasogea bila sauti. Halafu akasema, taratibu:

"Maziwa hayaji kwa sababu mtu ana huruma. Kila mamalia ana ratiba. Mimba, uzazi, mtoto ananyonya, maziwa yanaendelea. Mtoto akiachishwa, baada ya wiki kadhaa yanakauka." Akainua macho. "Mama Uwesu, samahani. Uwesu ulimwachisha lini?"

"Nitakumbuka wapi?"

"Mboni amezaliwa lini?"

Mboni ndiye mdogo wake Uwesu, ameolewa Mbagala. Tarehe yake tunaijua wote kwa sababu anapenda keki.

"Mwezi wa kumi," alisema Bi Zamzam.

"Mwaka?"

"Si tisini na tisa."

"Na mama alilazwa mwezi wa sita, tisini na tisa."

Sijui nani alianza. Niliona vidole tu. Kila mwanamke pale uani alikuwa anahesabu kurudi nyuma, kumi, tisa, nane, saba, wengine mkononi, wengine kwenye pindo la kanga. Mimi nilihesabia punje za mchele. Tulifika mwezi wa kwanza karibu wote kwa pamoja.

"Ulikuwa na mimba ya miezi mitano," alisema Amira.

"Ulikuwa na mimba," alisema Bi Badria, akasimama. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Bi Badria sauti ikishuka ni vibaya. "Zamzam. Ulimnyonyesha mwanangu na mimba tumboni? Ulimbemenda mwanangu?"

Kwa asiyejua: huku kwetu mwanamke akishajijua ana mimba, mtoto anaachishwa siku hiyo hiyo, shubiri inapakwa, mtoto analia wiki nzima, imekwisha. Maziwa ya mimba yanasemwa kuwa yanamlegeza mtoto, miguu inakuwa kama kamba, kichwa kinakuwa kikubwa. Mtoto wa hivyo mtaani anajulikana, na mama yake anajulikana zaidi. Kumbemenda mtoto wako mwenyewe ni aibu. Kumbemenda wa jirani, aliyeko kitandani hospitali, sijui kama neno lake lipo.

"Kisayansi hayana neno," alisema Amira. "Mwenye mimba anaweza kunyonyesha." Hakusikiwa na mtu.

Bi Zamzam alikuwa ameitwa mwongo tangu saa tatu asubuhi na alikuwa amevumilia. Ufagio ukamtoka mkononi.

"Mimi?" alisema. "Mimi nimbemende mtoto wa mtu? Badria, mimi? Muulize mtu yeyote! Uwesu nilimwachisha mwezi wa pili, nilipojijua tu! Ulivyoniletea mtoto kifua kilikuwa kikavu, kimekauka miezi minne, hakina hata tone la kumdanganyia! Nimbemende na nini?"

Kwenye ghorofa la jirani fundi alikuwa anagonga nondo, naye kama vile akaacha.

"Kwa hiyo miaka yote..." alisema Bi Badria.

Bi Zamzam akaokota ufagio.

"Sasa nitauliza tena," alisema Bi Badria. "Alikula nini?"

Bi Zamzam akatazama kwenye mlango wa ukumbi. Tukatazama huko. Mzee Ignasi alikuwa anashona suruali ya mtu. Ni mtu wa Masasi, ana miaka thelathini na tano katika nyumba hii, na katika muda huo nadhani nimemsikia akisema sentensi zisizozidi arobaini. Akaondoa mguu kwenye pedali.

"Mbuzi," alisema.

"Mbuzi gani?"

"Wangu. Nililetewa kwa lori kutoka nyumbani, kwa ajili ya komunyo ya kijana wangu. Akazaa njiani. Nikashindwa kumchinja. Nikamfunga nyuma ya choo."

"Yule mbuzi mweupe?" Bi Badria akashika kiuno. "Aliyekula kanga yangu?"

"Huyo."

"Si nilikwambia umwondoe!"

"Ulipotoka hospitali, siku ya tatu. Nikamwondoa."

Bi Badria akakaa kwenye kigoda kilichokuwa cha mtu mwingine.

"Na wewe, fundi, miaka ishirini na sita unasikia habari ya maziwa ya Zamzam, unanyamaza?"

"Sikuulizwa."

"Kwa kweli ningeweza kufa," alisema Amira, kama anayesoma tangazo. "Maziwa ya mbuzi hayamfai mtoto wa miezi miwili."

"Hukufa," alisema Bi Zamzam.

Uwesu akakohoa. "Samahani," alisema. "Mimi nimefunga meza, wateja wamebaki kule. Tunaoana au hatuoani?"

Bi Badria akatoa simu kwenye kanga, akampigia Maalim, akaweka sauti ya juu, maana alijua kwamba asipoweka tutaomba aweke.

"Maalim, asalaam aleikum. Ni mbuzi."

Upande wa pili tukasikia kikombe kikiwekwa chini.

"Nani ni mbuzi?"

"Mtoto alikunywa maziwa ya mbuzi. Mama Uwesu hakumnyonyesha hata mara moja. Alikuwa hana maziwa. Shahidi yupo, mwenye mbuzi mwenyewe."

"Umeridhika ni kweli?"

Bi Badria alimtazama Bi Zamzam kwa muda mrefu. "Nimeridhika," alisema. "Mtu hawezi kujisingizia aibu ya namna hiyo."

"Mbuzi haleti undugu," alisema Maalim. "Ijumaa baada ya swala, kama tulivyopanga. Na Bi Badria, kuna jambo lingine lolote la mwaka tisini na tisa?"

"Hakuna, Maalim."

Mtu mmoja akataka kupiga kigelegele, akaona sura ya Bi Badria, akakimeza. Amira na Uwesu walikuwa wameshaanza kucheka kimya kimya, mikono mdomoni, na machozi yanamtoka Amira. Lakini Bi Badria hakucheka. Alinyanyuka, akaingia ukumbini, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Tulisikia komeo.

Hilo ndilo lililotunyima raha. Ndoa ilikuwa imepona, lakini ungefungisha vipi ndoa ya hatua nne, mlango hadi mlango, ikiwa wenye milango hawasemeshani? Amira alikwenda kugonga. "Mama." Komeo halikusogea. Akarudi amekunja uso, kicheko kimekwisha.

Bi Zamzam akaenda mwenyewe. Mimi nilikuwa nimebeba mchele wangu kwenda kuuweka chumbani, na ukumbi ni mmoja, sina njia nyingine. Nilikwenda taratibu nisiumwage.

"Badria," alisema Bi Zamzam kwenye mlango uliofungwa. "Siku ile ulikuja na mtoto, unatetemeka, blanketi mbili na jua la saa saba. Uliniuliza, 'Una maziwa, shoga?' Ungeniambia nijibu nini? Ningesema sina usingekwenda. Ungebaki na mtoto wako kifuani mpaka ufe. Nikasema ninayo."

Bi Zamzam akaegemeza kichwa mlangoni.

"Nikadhani nitakwambia ukirudi. Ukarudi unalia, unanibusu mikono mbele ya watu. Nikaona nitakwambia kesho. Halafu watu wakaanza kunisifu. Badria, mimi hakuna mtu aliyewahi kunisifu kabla ya hapo."

Nikawa sina tena sababu ya kusimama ukumbini. Nikainama nikafunga kamba ya kandambili, ambayo haina kamba. Kisha sauti ya Bi Badria ikatoka ndani, karibu sana na mlango, kumbe alikuwa amesimama hapo hapo muda wote.

"Nani alikuwa anayachemsha?"

"Mimi."

"Unachanganya na maji?"

"Maji nusu. Na chembe ya sukari. Alikuwa anakataa kijiko, nikawa namnywesha kwa pindo la kanga, nachovya, ananyonya, nachovya."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Kila akilia."

"Na usiku?"

"Alikuwa analia sana usiku, Badria."

"Na wewe una mimba ya miezi mitano. Na Uwesu naye hajaacha kuamka."

"Uwesu alikuwa anaamka akisikia yule anaamka."

Komeo likalia. Mlango ukafunguka. Bi Badria alikuwa amevua mtandio, macho mekundu, na nyuma yake mkeka umeshatandikwa chini, sahani zimefunikwa, harufu ya samaki wa nazi ikatoka mpaka ukumbini. Bi Zamzam akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayetaka kumpisha mwingine.

"Wewe umekula?" aliuliza Bi Badria.

"Sina njaa."

"Sijakuuliza njaa. Ingia ule."